Safari ya Sotoka: Tangu Bandari ya Massawa hata Mbuga ya Meru

Katika maradhi yote yaliyopata kumwandama ng'ombe tangu binadamu alipomtoa mwituni akamtia zizini, hapana yaliyoifikia sotoka kwa wepesi wa kuenea wala kwa ukali wa kuua. Na ajabu ya habari yake ni kwamba vijana wanaochunga leo katika nyanda za Simanjiro, Kajiado na Karamoja hawajapata kuiona hata mara moja, kwa kuwa imekwisha kuondoka duniani. Nia yangu ni kusimulia ilikotoka, njia ilizopitia, mambo iliyoyageuza katika nchi zetu, na watu walioifukuza. Maana kuondoka kwake hutajwa mara nyingi kuwa ni ushindi wa wataalamu peke yao, nami naona kuwa hiyo ni nusu ya habari, na nusu ya pili ni ya mchungaji.

Kwanza na tuijue yenyewe. Sotoka ilikuwa maradhi ya kirusi, na kirusi chake kilikuwa ndugu wa kile kiletacho surua kwa watoto. Ng'ombe aliyeshikwa alianza kwa homa na kuacha kucheua. Kisha macho yakabubujika machozi, pua ikatoka makamasi mazito, ufizi na ulimi vikafanya vidonda hata mate yakadondoka yakinuka kuoza, na mwishowe akahara maji yenye damu mpaka nguvu zikamwisha akaanguka. Tangu homa hata mauti zilikuwa siku sita hadi kumi na mbili. Katika kundi lisilopata kuijua, tisa katika kila kumi waliweza kufa. Walakini yule mmoja aliyenusurika hakuugua sotoka tena maisha yake yote, na jambo hili namwomba msomaji alishike, kwa kuwa ndilo lililokuja kuwa ufunguo. Jambo la pili la kushikwa ni kwamba kirusi hicho kilikuwa dhaifu kikiwa nje ya mwili: jua lilikiua upesi, wala hakikudumu katika udongo au nyasi, bali kilitaka pua ya ng'ombe ikaribiane na pua ya mwenziwe. Sotoka, basi, haikuwa na miguu yake. Ilitembea kwa miguu ya mifugo, na mifugo huendeshwa na watu, aghalabu watu wa vita na watu wa biashara.

Balaa la nchi za kaskazini, hata 1867

Kwa karne nyingi sotoka ilitoka Asia na kuingia Ulaya ikifuatana na majeshi, ambayo zamani hizo yalisafiri na makundi ya ng'ombe wa kuchinjwa na wa kukokota magari. Ilipozagaa Italia kuanzia 1711, tabibu wa Papa Clement XI, jina lake Giovanni Maria Lancisi, alitoa shauri lililoonekana kuwa kali mno kwa wakati ule, nalo lilikuwa kwamba mnyama mgonjwa na waliochangamana naye wachinjwe, mizoga izikwe kwa chokaa, na njia zote zifungwe kwa mifugo, na atakayevunja amri hiyo aadhibiwe vikali. Katika Ufaransa hasara ya maradhi hayo ilikuwa moja katika sababu za kufunguliwa, mjini Lyon mwaka 1762, skuli ya kwanza ya matabibu wa wanyama, chini ya Claude Bourgelat. Ikawa elimu ya kumtibu mnyama, iliyokuwa kazi ya wapiga nali na waganga wa mitishamba, imepata madarasa na mitihani.

Uingereza nayo ilichelewa kuchukua hatua. Mwaka 1865 ng'ombe walioletwa kwa meli kutoka upande wa bahari ya Baltiki waliitia sotoka katika soko la London, na kwa miezi mingi watu wakabishana kama ni maradhi ya kuambukiza au ni hewa mbaya, mpaka mwaka uliofuata serikali ilipotunga sheria ya kuchinja na kuzuia, na muda si mrefu maradhi yakakoma. Nimeyataja haya kwa sababu moja: dola zilizokuja kuigawana Afrika zilikuwa zimekwisha kujifunza, kwa gharama ya mifugo yao wenyewe, kwamba ng'ombe mgeni hapitishwi mlangoni kabla ya kutazamwa.

1887 hata 1892: Emutai

Waitalia waliitwaa bandari ya Massawa katika mwaka 1885, na jeshi lao liliposhindwa na Wahabeshi huko Dogali mwezi wa Januari 1887, walileta askari wengi zaidi. Waandishi wengi wa tarehe wakubaliana kwamba ng'ombe walioshushwa kwa ajili ya kulilisha jeshi hilo, nao husemwa kuwa walitoka Bara Hindi, ndio walioshuka na sotoka. Misri iliwahi kuingiliwa na maradhi hayo zamani, lakini ng'ombe wa nyanda zetu hawakuwa wameyaonja, wala hapakuwa na mmoja mwenye kinga mwilini mwake.

Uhabeshi uliangamia kwanza. Maksai wa kulimia walikufa pamoja na majike ya maziwa, mvua zikakosa kunyesha, nzige wakaja, na njaa iliyodumu tangu 1888 hata 1892 hukadiriwa kuwa iliua theluthi ya watu wa nchi. Mfalme Menelik, aliyetawazwa 1889, asimuliwa kuwa alishika jembe kwa mkono wake na kulima machoni pa raia, ili waliozoea kulima kwa plau na maksai wasione haya kuinamia ardhi kwa mikono yao.

Kutoka huko maradhi yaliteremka kusini kupitia nchi za Wasomali, na kufikia 1890 na 1891 yalikuwa yamekwisha kuingia Umasaini, Unyamwezi na Karagwe, na kuvuka mpaka Rwanda, ambako watu waliyaita umuryamo. Wamasai waliyaita olodua, yaani nyongo, kwa kuwa walipompasua mzoga walikuta kibofu cha nyongo kimevimba kupita kawaida; nami nalipenda jina hili, kwa sababu laonyesha watu waliokuwa katikati ya msiba ambao hata hivyo hawakuacha kutazama na kupima. Miaka yenyewe, lakini, waliipa jina jingine: Emutai, ambalo maana yake ni kumalizwa, kufutwa kabisa.

Ili asiyefuga apate kufahamu maana ya kufutwa huko, lazima ajue kuwa kwa Mmasai wa zama hizo ng'ombe hakuwa mali iliyo pembeni ya maisha, mithili ya nyumba ya kupangisha au shamba la minazi. Maziwa ndiyo yaliyokuwa chakula cha mtoto na cha mkongwe. Damu iliyotolewa shingoni pasipo kumwua mnyama ilikuwa riziki ya wakati wa kiangazi. Ngozi ilikuwa nguo na malalo. Mahari, fidia ya damu, sadaka, urafiki na heshima vyote vilihesabiwa kwa ng'ombe, na kila mmoja katika zizi alikuwa na jina lake na nasaba yake, ya mama na ya bibi. Siku chache zilitosha kwa mtu kulala na mamia na kuamka na mizoga. Homa ya mapafu ya ng'ombe ilikuwa imetangulia miaka michache kabla, na ndui ikafuata mwaka 1892, ikawashukia watu waliokwisha kudhoofika kwa njaa. Katika mwaka huo huo Oscar Baumann, msafiri kutoka Austria, aliingia bonde la Ngorongoro akawakuta watu waliobaki mifupa na ngozi, wanawake na watoto wakimfuata kuomba makombo, na wanaume waliokuwa wakiogopwa kutoka Ziwa Viktoria hata karibu na pwani hawana nguvu ya kuinua mkuki. Wengi walikwenda kutafuta hifadhi kwa majirani wakulima. Wako walioweka watoto wao kwa Wakikuyu ili wapate kula, na miongoni mwa watoto hao wako ambao hawakurejea tena Umasaini. Kabla ya hayo alifariki laiboni mkuu Mbatiani, na wanawe wawili, Olonana na Sendeu, wakagombea nafasi yake, hata vita vya ndugu vikamaliza kilichosazwa na njaa.

Wanyama wa mwitu nao hawakusalimika. Nyati walikufa makundi kwa makundi, na pamoja nao pofu, tandala, twiga na ngiri, hata ikawa wasafiri wa miaka ile waliijua njia ya mbele yao kwa harufu na kwa tai.

Ardhi iliyoonekana tupu

Frederick Lugard, aliyepita kutoka Mombasa kwenda Uganda mwaka 1890, aliandika baadaye bila kuficha kwamba msiba huo ulikuwa umewarahisishia Wazungu kazi yao, kwa kuwa uliyashusha makabila ya wafugaji ambayo yangeweza kuwazuia. Siwezi kudai kwamba sotoka ndiyo iliyoleta utawala wa kigeni. Nchi zisizokuwa na ng'ombe zilitawaliwa vile vile, na mikataba ya Berlin ilitiwa sahihi kabla ya mnyama wa kwanza kuugua Massawa. Lakini ni dhahiri kwamba reli ya kwenda Uganda ilipokata Umasaini mwishoni mwa karne, ilipita katika nchi ambayo miaka kumi nyuma isingepitika kwa upole ule. Maafisa wakaona nyanda pana za Bonde la Ufa hazina watu wala mifugo, wakazihesabu kuwa ni ardhi isiyo na mwenyewe, nayo ilikuwa ardhi ambayo mwenyewe amefiwa. Mkataba wa 1904 uliwahamisha Wamasai kutoka sehemu zilizo bora za bonde hilo, na ule wa 1911 ukawaondoa Laikipia pia. Madhara ya kukosekana kwa chanjo zama hizo yangali yakiamuliwa mahakamani na mabungeni hata leo kwa jina la migogoro ya ardhi.

Jambo jingine lilifuata polepole zaidi, na kwa hiyo halikutambuliwa mapema. Ng'ombe na mbuzi, pamoja na moto wa wachungaji, ndio waliokuwa wakiizuia miti midogo isifunge nyanda. Walipotoweka, kichaka kikaota palipokuwa nyasi, na wanyama wa mwitu walipoanza kuongezeka tena, mbung'o akarudi pamoja nao na kushika nchi ambazo hakuwa nazo. Wageni waliokuja baadaye waliyaona mapori hayo wakadhani kuwa ndiyo hali ya Afrika tangu kuumbwa, wakayachorea mipaka na kuyaita asili, ilhali katika sehemu nyingi yalikuwa makaburi ya malisho.

Mto Zambezi uliizuia sotoka kwa miaka kadhaa. Mwaka 1896 ikavuka, mwezi wa Machi ikafika Bulawayo, na katika muda usiozidi miaka miwili ikafika ncha ya bara, ijapokuwa serikali za huko zilijenga ua mrefu wa seng'enge na kupiga risasi makundi yaliyokuwa wazima. Afrika Kusini peke yake ilipoteza takriban ng'ombe milioni mbili na nusu. Magari yaliyokokotwa na maksai, ambayo ndiyo yaliyokuwa usafiri wa nchi, yakasimama njiani yalipo.

1897 hata 1945: Damu, nyongo na mbuzi

Daktari mashuhuri wa Kijerumani Robert Koch aliitwa Kimberley mwishoni mwa 1896, na baada ya miezi michache akatangaza kuwa nyongo ya ng'ombe aliyekufa kwa sotoka, ikidungwa kwa mzima, humkinga. Kinga hiyo ilikuwa ya kubahatisha, na haukupita muda ikaachwa kwa njia nyingine, yaani kumdunga mnyama maji ya damu ya aliyepona pamoja na damu ya aliye mgonjwa, ili augue kidogo na apone na kubaki na kinga. Hapa ndipo ule ufunguo nilioutaja mwanzo ulipoanza kutiwa katika kufuli. Walakini njia hii ilikuwa ya hatari, kwani ilibidi maradhi yenyewe yahifadhiwe hai, na kosa dogo la kipimo liligeuza chanjo kuwa mlipuko. Mjini Istanbul, mwaka 1902, Maurice Nicolle na mwenziwe Adil Bey walithibitisha kwamba kiletacho sotoka hupenya katika kichujio kinachozuia bakteria, yaani ni kitu kidogo kuliko kila kilichoweza kuonekana kwa darubini za wakati huo.

Wajerumani walianzisha kituo cha tiba ya mifugo Mpwapwa mwaka 1905, na Waingereza wakawa na maabara yao Kabete, karibu na Nairobi. Kazi iliyofanywa humo ilikuwa ya kweli, nami sipendi kuidharau. Bali siwezi kunyamazia jinsi ilivyomfikia mwenye ng'ombe. Kwa miaka mingi maeneo ya Wamasai wa Kenya yalitiwa karantini moja baada ya nyingine, mfugaji akakatazwa kuuza mnyama wake nje ya mipaka aliyowekewa, ilhali kodi ilimtaka fedha. Daktari wa mifugo akaja kujulikana kuwa ni mtu wa kufunga njia na kuchinja. Chuki iliyopandwa hapo, ambayo maafisa waliiandika katika taarifa zao kuwa ni ujinga wa wenyeji, ilikuja kuigharimu kazi hii nusu karne nzima.

Ulaya ilikumbushwa mwaka 1920, pale ng'ombe wa Kihindi waliokuwa wakisafirishwa kwenda Brazili walipopitia bandari ya Antwerp na kuiacha sotoka Ubelgiji. Kwa hofu ya tukio hilo mataifa 28 yalipatana mjini Paris, tarehe 25 Januari 1924, kuunda shirika la dunia la afya ya wanyama. Limeutangulia Umoja wa Mataifa kwa miaka zaidi ya 20. Huko Mukteswar, katika vilima vya Himalaya, J. T. Edwards alikuwa akikipitisha kirusi katika miili ya mbuzi, mmoja baada ya mwingine, hata kikapoteza sehemu kubwa ya ukali wake, na Kabete nao wakatengeneza chanjo yao ya mbuzi. Hiyo ilikuwa nusra kubwa, ila iliwaugulisha ng'ombe wa koo zilizo dhaifu, na wenye mitamba ya maziwa waliiogopa.

1956 hata 1963: Muguga

Katika msitu wa Muguga, ukingoni mwa Bonde la Ufa, nchi za Afrika Mashariki zilikuwa na maabara moja ya pamoja ya utafiti wa mifugo, na huko ndiko alikofika mwaka 1956 daktari wa wanyama wa Kiingereza, Walter Plowright, aliyekuwa amekwisha kufanya kazi Kabete na Nigeria. Yeye na R. D. Ferris walichukua seli za figo za ndama, wakaziotesha katika chupa, na ndani yake wakakikuza kirusi cha sotoka kilichohifadhiwa Kabete tangu mwanzoni mwa karne, wakikihamisha kutoka chupa hata chupa takriban mara 90. Kila kizazi kilizidi kuzoea maisha ya chupani na kusahau namna ya kumwua ng'ombe, lakini hakikusahau alama zake, ambazo kwazo mwili wa mnyama humtambua adui. Wakapata hivyo kitu ambacho matabibu walikitafuta tangu zama za Lancisi: chanjo isiyougulisha ng'ombe wa koo yoyote, hata jike mwenye mimba, iliyo rahisi kutengenezwa, na ambayo sindano yake moja ilitosha kwa maisha yote ya mnyama. Plowright alitunukiwa Tuzo ya Chakula ya Dunia mwaka 1999. Ni haki yake, ingawa ningependa historia iwakumbuke pia watumishi wa Muguga waliolisha, kushika na kukesha na ndama wale.

Haukupita muda chanjo hiyo ikafichua jambo ambalo hakuna aliyelitazamia. Tangu mwanzo wa utawala wa kikoloni wanyama wa mwitu walishtakiwa kuwa ndio ghala la sotoka, na wengi walipigwa risasi kwa hoja kwamba wakibaki, maradhi hayatakwisha. Katika Serengeti ndama wa nyumbu walikufa kila mwaka walipofikia umri wa miezi michache na kinga ya maziwa ya mama kuwaishia. Sasa ng'ombe waliozunguka mbuga walipochanjwa, na hakuna nyumbu hata mmoja aliyeguswa na sindano, sotoka ikatoweka kwa nyumbu kufikia 1963. Kumbe mshtakiwa ndiye aliyekuwa mdhulumiwa: maradhi yalimtoka ng'ombe yakamwingia nyumbu, na yalipokatwa kwa ng'ombe hayakuweza kujitegemea mwituni. Nyumbu waliokuwa takriban robo milioni mwanzoni mwa miaka hiyo walifika milioni moja na laki tatu kufikia 1977. Kwa kuwa walikula nyasi ambazo zamani zilikuwa zikiungua, moto wa kiangazi ukapungua, na miche ya migunga ikapata kukua. Misafara ya nyumbu ambayo watu hutoka pembe zote za dunia kuja kuitazama katika Mto Mara, kwa ukubwa wake wa leo, ni matunda ya sindano waliyodungwa ng'ombe wa Wamasai, Wakuria na Wasukuma. Na ni mara chache mno nimesikia mgeni akiambiwa hivyo.

1962 hata 1984: Ushindi uliotoroka

Mataifa ya Afrika yaliyokuwa yakipata uhuru wake yaliichukua chanjo hiyo na kuanza, mwaka 1962, kazi ya pamoja iliyokuja kujumuisha nchi 22, kuanzia bonde la Ziwa Chad na kusonga mashariki hata kutufikia. Makundi ya wachanjaji yalizunguka kwa Landrover na masanduku ya barafu, ng'ombe wakachanjwa miaka mitatu mfululizo ili ndama wa kila msimu wapatikane, na 1976 kazi ilipofungwa, sotoka ilikuwa haisikiki isipokuwa katika vishimo vichache, mipakani mwa Mali na Mauritania na katika nchi za vita na mafuriko baina ya Sudani na Uhabeshi.

Vishimo hivyo viliachwa. Serikali zilizokuwa na haja nyingi ziliona kuwa hakuna sababu ya kugharimia maradhi yasiyoonekana. Chanjo ikapungua mwaka hata mwaka, wala damu za mifugo hazikupimwa kujua ni wangapi wenye kinga. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, na maabara ya Muguga, iliyokuwa ya nchi tatu, ikabaki ya nchi moja. Kuanzia 1979 sotoka ikatoka mashimoni mwake. Mwaka 1982 ikaonekana kwa nyati wa kaskazini mwa Tanzania, na katika miaka hiyo hiyo ikaufagia ukanda wote tangu Sudani hata Nigeria, ikiwaua ng'ombe kwa malaki na kuwaacha Wafulani wengi fukara. Hasara hiyo ninaihesabu kuwa chungu kuliko ya 1890, kwa sababu safari hii dawa ilikuwa mkononi.

1986 hata 2001: Elimu ya mchungaji

Kazi ilipoanzwa upya mwaka 1986, ikiongozwa kutoka Nairobi na ofisi ya mifugo ya umoja wa nchi za Afrika, palikuwa na kikwazo ambacho fedha peke yake haikuweza kukiondoa. Chanjo ya Plowright iliharibika kwa joto, na sotoka iliyobaki ilikuwa imejificha hasa mahali pasipofikika kwa barafu: jangwa la Waafari, mabwawa ya Sudani ya Kusini, vilima vya Karamoja, nchi zisizo na barabara na zilizojaa bunduki. Wataalamu wakiongozwa na Jeffrey Mariner, tabibu wa wanyama kutoka Marekani, waliitafutia njia nyingine ya kukaushwa, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 wakapata chanjo ile ile iliyoweza kukaa siku 30 pasipo barafu. Chupa ikaweza kutiwa mfukoni na kwenda kwa miguu au juu ya punda.

Miguu ya nani, sasa? Daktari wa serikali hakuweza kuingia huko, na pengine hakutakiwa. Wakachaguliwa vijana wa wafugaji wenyewe, wengine wasiojua kusoma, waliopendekezwa na wazee wao, wakafundishwa kwa siku chache kuchanganya dawa, kudunga na kukata alama ya sikio. Kusini mwa Sudani, kuanzia 1993, vita vikiwa vimepamba moto, vijana wa Kidinka, Kinuer na Kitoposa walichanja zaidi ya ng'ombe milioni moja kwa mwaka, kiasi ambacho misafara ya magari haikupata kukaribia.

Matabibu nao wakajifunza kuketi na kuuliza. Badala ya kuja na karatasi ya maswali, waliketi chini ya mti wakawaacha wazee waeleze maradhi kwa majina yao wenyewe, na kwa kuwa mfugaji hukumbuka mambo kwa marika na kwa vizazi vya ng'ombe, aliweza kusema ni lini hasa, na katika machunga ya nani, aliona mara ya mwisho machozi na vidonda vya mdomo pamoja. Kwa elimu hiyo ramani za sotoka zikachorwa upya, na mlipuko wa mwisho wa Waafari ukazimwa mwaka 1995. Karne nzima ilikuwa imepita tangu Wamasai kuyapa maradhi jina la nyongo, ndipo wafugaji wakaulizwa wanalolijua.

Uzao wa mwisho wa kirusi ulikuwa mjanja kupita yote. Ulijificha katika nchi za Wasomali na jirani zao, na kwa ng'ombe ukawa mpole hata ukadhaniwa kuwa ni homa ya kupita. Ni wanyama wa mwitu waliousema. Katika miaka ya 1994 na 1995 nyati wa Tsavo walikufa kwa wingi, na tandala wakapatikana wakizurura vipofu. Mwaka 1996 ukaonekana katika mbuga ya Nairobi, na 2001 kwa nyati wa mbuga ya Meru, Kenya. Hao ndio waliokuwa wa mwisho duniani kuthibitishwa kuwa na sotoka.

2011 na baada yake

Ilibaki kuthibitisha kwamba haiko, na hilo lilitaka moyo, kwa kuwa damu ya ng'ombe aliyechanjwa na ya aliyeugua hutoa ushahidi mmoja, na hapakuwa na njia ya kujua ila kuacha kuchanja kabisa na kungoja miaka kadhaa huku damu za ndama wapya zikipimwa. Nchi moja baada ya nyingine ikaacha. Tarehe 25 Mei 2011 shirika la afya ya wanyama lilitangaza mjini Paris kuwa mataifa yote yamesalimika, na tarehe 28 Juni Shirika la Chakula na Kilimo likatangaza hivyo mjini Roma. Kabla ya hapo maradhi moja tu yalikuwa yamepata kufutwa duniani kwa mkono wa binadamu, nayo ni ndui. Kirusi kingaliko katika maabara chache zenye idhini ya kukihifadhi. Moja kubwa miongoni mwao, ya Pirbright nchini Uingereza, ilikiharibu chote iliyokuwa nacho mwaka 2019.

Lakini sotoka imeacha nduguye. Sotoka ya mbuzi na kondoo, iliyoelezwa mara ya kwanza Ivory Coast mwaka 1942, ilifika Kenya mwaka 2006 kupitia Turkana, na mwaka 2008 ikathibitishwa Tanzania. Dalili zake ni zile zile za machozi, vidonda vya mdomo na kuhara, na wanaoumia zaidi ni wanawake na wajane, ambao aghalabu mali yao yote ni mbuzi. Mataifa yameazimia kuifuta kabla ya mwaka 2030 kwisha. Chanjo yake iko, na sindano moja humkinga mbuzi kwa miaka isiyopungua 3. Wewe mwenye mbuzi zizini, siku bwana mifugo atakapotangaza kuwa anapita kwenu, usiwatoe alfajiri kwenda malishoni. Wazuie nyumbani mpaka wachanjwe wote, na umpelekee habari jirani ambaye hakusikia.